Maji Yakiisha Kuchanganyika



Juma hili nimepata barua ya mzee mmoja, mkulima wa kahawa na mfuga ng'ombe wa maziwa huko milimani. Jina lake nalihifadhi, maana mwenyewe ameomba hivyo. Mzee huyu ana kijana wake hapa Dar es Salaam, mahali paitwapo Sinza, ambaye riziki yake ni kutia rangi vitambaa vya batiki. Kijana amemwomba baba yake fedha. Anataka kuhamishia kazi yake mahali ambapo bomba la majitaka la mji linapita, na kabla ya kuungwa katika bomba hilo sharti apate kibali cha kumwaga humo maji yake machafu.

Mzee ameshangaa. Anauliza: tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kumwaga maji machafu? Kwao mama akiisha kuosha vyombo huyamwaga migombani, na migomba hushukuru. Je, mwanawe hamdanganyi? Au watu wa mjini wamebuni njia nyingine ya kumla mtu fedha?

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako si la mzaha, tena nadhani wazazi wengi wenye watoto mjini wangeuliza hivyo hivyo. Kwa hiyo sikutaka kulijibu nikiwa nimekaa mezani. Nilikwenda Sinza nikaone kwa macho yangu.

Yafaa kwanza niwaeleze Sinza ni mahali gani. Ni mojawapo ya sehemu zilizopimwa viwanja katika miaka ya 1970, kwa mpango wa Serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha kawaida wapate viwanja vyenye barabara na maji, kisha wajijengee wenyewe. Zamani palihesabiwa katika Kinondoni, na tangu 2016 pako chini ya Manispaa ya Ubungo. Palipimwa pawe mahali pa watu kukaa. Lakini leo ukishika barabara ya Shekilango huoni nyumba za kukaa tu. Utaona baa, nyumba za wageni, saluni, gereji, mabanda ya chipsi, mahali pa kuoshea magari, na nyuma ya mageti watu wanachemsha sabuni na kutia rangi nguo. Kila moja ya kazi hizo hula maji, na kila moja hutapika maji. Hayo yanayotapikwa ndiyo habari yetu ya leo.

Nilimkuta kijana uani kwake pamoja na wasichana watatu aliowaajiri. Moto unawaka, mapipa yanachemka, vitambaa vinaning'inia kambani, vizuri kupita kiasi. Mzee, kazi ya mwanao ni ya halali na mikono yake ina ufundi. Lakini batiki haitiwi rangi kwa maji matupu. Hutiwa rangi ya dukani, na kostiki soda, na chumvi nyingine ya kuifanya rangi ishike, na nta ambayo baadaye huyeyushwa kwa maji ya moto. Kitambaa kikiisha kuiva, pipa zima humwagwa. Nililiona likimwagwa. Maji yalikuwa ya buluu kama wino, yenye moto, na ukiyagusa yanateleza kwa ukali wa kostiki. Yalitoka chini ya geti yakaingia mtaroni.

Mitaro ya upande ule hushuka kwenye Mto Ng'ombe, nao Mto Ng'ombe humwagika katika Mto Msimbazi. Huu Msimbazi waanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mji, kisha huingia baharini penye daraja la Salenda. Kandokando ya mito hiyo wako watu wanaopanda mchicha na matembele, wanaumwagilia kwa maji hayo hayo, kisha wanauuza sokoni. Kijana aliniambia bila kuficha kwamba majirani wamemlalamikia kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili. Ndiyo sababu anataka kuhama.

Akaniambia na jambo la pili. Rafiki yake alimshauri asihangaike na karatasi. Huko aendako chemba ya majitaka iko karibu na ukuta wa banda alilopangisha. Amtafute fundi usiku, atoboe, aunge bomba lake, afukie. Asubuhi hakuna ajuaye. Gharama ni ya usiku mmoja tu. Basi, wasomaji, hapo ndipo kijana aliposimama siku ile: upande huu fundi wa usiku, upande huu barua kwa baba yake.

Sasa tuje kwenye swali. Kwa nini kibali?

Mzee, maji ya mama uliyotaja huenda migombani, na udongo una viumbe wadogo wasiohesabika ambao hula uchafu ule na kuugeuza chakula cha mgomba. Maji ni kidogo, udongo ni mwingi, basi kazi inakwisha palepale. Mjini watu ni mamilioni na udongo umefunikwa na nyumba. Nyumba nyingi bado hutegemea mashimo, ambayo yakijaa huja gari la kunyonya. Lakini palipo na bomba, uchafu wa nyumba moja hukutana na wa nyumba ya pili, na wa hoteli, na wa kiwanda, ukaenda pamoja chini ya ardhi mpaka kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti.

Katika mabwawa hayo hakuna uchawi, wala mara nyingi hakuna mtambo mkubwa. Mna viumbe wadogo, ndugu za wale walio katika udongo wako. Maji hupita kutoka bwawa hadi bwawa, polepole, siku nyingi. Viumbe hula uchafu. Jua hupiga, mimea midogo ya kijani humea majini na kutoa hewa ambayo viumbe huivuta. Mwishoni maji hutoka yakiwa yamepungua ubaya wake.

Kila mama anayesoma gazeti hili anajua chachu. Ukiitia katika unga kwa maji ya uvuguvugu, unga huumuka. Ukiimwagia maji yanayochemka, chachu hufa, na hata ukingoja mpaka jioni mandazi hayaumuki. Mabwawa ya majitaka ni kama hayo. Ukiyapelekea kinyesi na mapovu ya sabuni yatakula. Ukiyapelekea kostiki kali, au risasi ya betri, au dawa ya kuulia wadudu, chachu imekufa. Ukiyapelekea rangi nzito, jua halipenyi, na ile mimea ya kijani inakosa mwanga. Ukiyapelekea mafuta ya gereji, yanatanda juu kama blanketi. Hapo uchafu wa watu wote, hata wa wale wasio na kosa, hupita bila kuliwa na kwenda mtoni kama ulivyokuja.

Kabla ya mabwawa kuna bomba lenyewe, na kabla ya bomba kuna mtu. Yupo mtu ambaye kazi yake ni kufungua chemba iliyoziba. Humo chini uchafu unaooza hutoa hewa inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, pua huonya. Ikizidi sana, pua hufa ganzi, mtu hasikii tena harufu yoyote, akadhani imekwisha. Na hatua mbili mbele anaanguka. Mwenzake akishuka kumwokoa bila vifaa naye huanguka. Maji makali ya viwandani yakikutana humo yaweza kuizidisha hewa hiyo au kuzaa nyingine mbaya kuliko hiyo. Huyu mtu wa chemba naye ni mtoto wa mtu, pengine wa kijijini kwenu.

Msidhani haya ni ya nchi zetu tu. Iko habari ya mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Machi 1977 palimwagwa kemikali za sumu katika bomba la majitaka kwa siri. Zilisafiri chini ya mji zikafika kwenye mtambo wa kusafishia. Wafanyakazi walishikwa na macho na vifua, mtambo ukafungwa karibu miezi mitatu, na majitaka ya mji mzima yakawa yakienda moja kwa moja katika mto mkubwa wa Ohio, ambao miji mingine huutegemea kwa maji ya kunywa. Haikupita miaka minne, tarehe 13 Februari 1981, mji huo huo uliamka kwa mshindo. Kiwanda cha kukamulia mafuta ya soya kilikuwa kimeachia dawa ya kuyeyushia mafuta ikaingia katika mabomba. Mvuke wake ulijaa chini ya barabara. Gari lilipopita likatoa cheche, na mitaa ikapasuka. Kwa bahati hakufa mtu. Lakini Guadalajara huko Meksiko, tarehe 22 Aprili 1992, petroli iliyovuja ikaingia katika bomba la majitaka ililipua mitaa, na watu zaidi ya 200 wakafa. Walikuwa wakitembea au wamekaa majumbani mwao; hawakumwaga chochote.

Mzee wangu, wewe una ng'ombe wa maziwa, basi nitakuambia maana ya kibali kwa mfano wa kwako. Asubuhi unapeleka maziwa kituoni. Yule kijana wa kituo hayamimini mara moja katika tangi kubwa. Kwanza anayapima: yametiwa maji? Yameanza kuchacha? Kwa nini anakusumbua? Kwa sababu maziwa ya watu mia yako katika tangi lile, na galoni moja mbovu huyaharibu yote. Tena maziwa yakiisha kuchanganyika, hakuna awezaye kusema haya ni ya nani. Kwa hiyo kipimo huwekwa mlangoni, kabla ya tangi, wakati maziwa yangali na mwenyewe.

Kibali cha majitaka ni kipimo hicho hicho cha mlangoni. Maji ya mwanao yangali katika chemba yake ya mwisho ndani ya ukuta wake, yana jina. Yakiisha kuvuka ukuta na kuingia katika bomba la mji, ni maji ya kila mtu na si ya mtu. Fundi wa usiku alitaka kumsaidia avuke ukuta bila jina. Hilo ndilo kosa lake hasa, zaidi ya kutoboa bomba.

Ndiyo maana sheria zetu zimeliingilia jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yataka mwenye kiwanda au biashara inayotoa majitaka asiyaachie ovyo, bali ayapeleke katika mfumo wa majitaka kwa idhini ya wanaousimamia. Hapa Dar es Salaam wasimamizi hao ni DAWASA, ambao tangu 2018 wamechukua na kazi zilizokuwa za DAWASCO, nao huongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Anayetaka kuachia maji yake mtoni, mlango wake ni mwingine: ni bodi ya bonde la mto, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009; kwa upande huu ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Na chombo cha Taifa cha kusimamia mazingira kina macho ya kukagua pande zote mbili.

Je, huyo mwombaji huulizwa nini? Kibali cha namna hii, hapa kwetu na kwingine duniani, hujengwa juu ya maswali yale yale. Unafanya kazi gani? Unatumia dawa zipi? Unatoa maji kiasi gani kwa siku, na saa ngapi? Kisha maji yenyewe hupimwa maabara. Hutazamwa moto wake, mafuta yake, na madini ya sumu yaliyomo. Hutazamwa ukali wake, kwa kipimo ambacho 7 ni katikati kama maji safi, chini yake ni uchachu kama wa ndimu, juu yake ni ukali kama wa magadi. Kwa kanuni za 2007, maji yanayoachwa kuingia mtoni yawe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kostiki huweza kupita 12.

Hutazamwa pia njaa ya maji. Naiita njaa, maana ni kipimo cha hewa ambayo viumbe wataivuta ili waule ule uchafu. Kanuni hizo hizo zinaruhusu miligramu 30 katika lita moja ya maji yanayoingia mtoni. Majitaka ya nyumbani kabla ya kusafishwa huwa na mia kadhaa. Damu ya machinjioni hupita 100,000. Kwa kukadiria, damu ya ng'ombe mmoja ikimwagwa bombani ni mzigo kama wa watu 40 na zaidi kwa siku nzima. Hapo mtaelewa kwa nini mwenye bucha na mwenye nyumba ya kukaa hawawezi kuhesabiwa sawa, ingawa wote wawili wanamwaga ndoo moja.

Baada ya kupima huja masharti. Kwa mtu wa batiki, maji yapoe kwanza katika tangi. Nta ikigande juu iondolewe, na mara nyingi yaweza kutumika tena. Ukali utulizwe mpaka ufike mahali pa salama. Rangi iachwe itue chini. Na iwepo chemba ambayo mkaguzi aweza kuifungua siku yoyote achote chupa yake. Kwa mwenye chipsi na nyama choma, iwepo chemba ya kunasia mafuta. Msilidharau hili la mafuta. London, mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta donge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, limeziba bomba zima. Lilikusanyika kidogo kidogo, kutoka masinki ya watu waliosema hiki changu ni kijiko tu.

Wako wajanja ambao hutaka kushinda kipimo kwa kuongeza maji safi katika machafu, ili tarakimu ishuke. Mzee, hilo nalo unalijua kwa jina: ni kutia maji katika maziwa. Sumu haijapungua hata tone. Imepewa maji mengi ya kusafiria, basi.

Najua wengine watasema: wanamwandama huyu kijana wa mapipa matatu, je, mwenye kiwanda cha mabomba makubwa? Neno hilo lina haki. Kibali kikitundikwa ukutani na asije mtu kuchota chupa, ni pambo. Na mkaguzi akiona kidogo akafumba jicho kwa kikubwa, amewafundisha wadogo wote kumtafuta fundi wa usiku. Msimbazi haukuharibiwa na batiki ya uani peke yake. Lakini ubaya wa mkubwa haufanyi kostiki ya mdogo kuwa maziwa. Mwenye mchicha pale chini hapimi maji kwa ukubwa wa kiwanda.

Basi, mzee wangu, jibu langu ni hili. Mwanao hakudanganyi. Angekuwa mdanganyifu angemfuata fundi wa usiku, ambaye hahitaji barua ya baba. Msaidie kadiri uwezavyo. Lakini mwambie akuonyeshe mambo matatu. Kwanza, fomu ya maombi yenye jina la ofisi. Pili, malipo yawe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, benki au kwa simu, na risiti itoke. Asimkabidhi mtu fedha mkononi, hata akiwa na kitambulisho kinachong'aa. Tatu, karatasi ya maabara, na mahesabu ya lile tangi la kupozea. Akikuonyesha kibali bila tangi, basi fedha yako imenunua karatasi. Akikuonyesha tangi, imenunua jambo.

Nami, kwa heshima, naomba kukurudishia swali. Wewe ni mkulima wa kahawa. Wakati wa mavuno, yale maji ya kumenyea na kuoshea kahawa huenda wapi? Ule ute mtamu wa kahawa ukiingia kijitoni huoza, huivuta hewa yote ya maji, samaki hufa, na harufu hufika kwa wa chini wanaochota. Hauna kostiki wala rangi ya buluu, lakini njaa yake ni kubwa kuliko ya majitaka ya nyumbani mara nyingi. Hata huko milimani bodi ya bonde ipo na sheria ile ya 2009 inafika. Vyama vingi vyaweza kuchimba mashimo ya kutuliza maji hayo, kuyatumia maji yale yale kumenyea mara ya pili, na kurudisha maganda shambani yawe mbolea. Ulizeni katika mkutano wenu ujao: maji yetu yanavuka mpaka yakiwa na jina, au hayana?

Nilipoondoka Sinza kijana alikuwa amezima moto. Alisema hatamwaga pipa jingine mtaroni mpaka ahame, na wasichana wale watatu wamekubali kungoja majuma mawili bila kazi. Majuma mawili, mzee, si mengi, lakini kwao ni chakula. Kama utatuma, tuma mapema.

Haya, wasomaji wapenzi, tuonane juma lijalo.